Gari la Maharusi Lisilounguruma

Msiba wa kwanza wa gari niliowahi kuhudhuria ulifanyika gerejini kwetu Igoma, Mwanza, na marehemu mwenyewe alikuwa bado hajafika Tanzania.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kushika spana sasa, maana najua wenzangu watawasimulia vingine. Habari iliingia kwa simu asubuhi, wakati wa chai. Kwamba lile gari refu la wakubwa, lile tulilolifungua na kulifunga tangu mimi nikiwa na nywele, limeundwa upya huko linakotengenezwa. Sura mpya, taa nyembamba kama macho ya mtu anayekushuku. Na kwamba kuanzia toleo hilo halitauzwa tena na injini ya petroli peke yake. Ukitaka, chukua la umeme mtupu. Hutaki, chukua la mchanganyiko, petroli na umeme pamoja. La tatu halipo.

Mtu wa rangi alizima kompresa. Mnyoosha bodi wetu, ambaye maishani mwake hajawahi kukalia kiti cha gari hilo ila kwa kulitoa mbonyeo, alikaa juu ya tairi akasema wametuua. Muuza vipuri wa jirani alikuja kuuliza kama ni kweli, akarudi dukani akitikisa kichwa, akaanza kufuta vumbi plagi zake moja moja, taratibu, kama mtu anayeosha maiti.

Sasa fikirini wenyewe. Gari hilo likitoka kiwandani leo, kwanza analiendesha tajiri wa huko mpaka alichoke. Anauziwa wa pili, naye anachoka. Likishapata kikohozi ndipo linapandishwa meli kuja kwetu. Kwa mwendo huo, sisi tuliokuwa tunaomboleza pale tungekuwa tumeshazikwa wote kabla halijafika Igoma. Lakini tulilia. Mtu anapenda kulia mapema asije akakosa nafasi.

Ubishi ukaletwa na jina la lile la mchanganyiko. Haibridi. Mnyoosha bodi alisikia haibaridi. Akauliza, haibaridi ndiyo haipoi? Hakungoja jibu. Akatangaza kwamba gari jipya linachemsha, wenyewe wamekiri mpaka kwenye jina, na kitu kikichemsha huku kimejaa betri, mwisho wake ni moto. Kufikia jioni habari hiyo ilikuwa imefika Nyakato bila kupanda gari lolote.

Aliyecheka peke yake ni Neema. Huyu ni binti aliyetoka chuo cha ufundi akaja kuchukua nafasi yangu nilipostaafu. Siyo mwanafunzi wangu, msije mkanipa sifa isiyo yangu. Alikuja anajua. Alisimama pale na ovaroli yake safi, na hilo nalo lilikuwa linatuudhi, fundi gani ovaroli safi, akasema, "Wazee wangu, hamjafiwa. Mmezeeka tu."

Nikamjibu marahaba, ingawa shikamoo alikuwa hajatoa.

Mniulize kwa nini mtu aliyestaafu alikuwa gerejini saa ya chai. Nilikuwa nakunywa chai.

Lazima mjue kwanza kazi yetu ilivyokuwa, vinginevyo mtaona tulikuwa wajinga, na ujinga wetu ulikuwa wa aina nyingine. Sisi tulifanya kazi kwa sikio. Mwalimu wangu alikuwa Fundi Wambura, Mjita wa kule Mara, mtu mfupi mwenye masikio yaliyosimama kama ya paa. Alikuwa ananigeuza uso ukutani, gari likipita barabara ya Musoma ananiuliza lina ugonjwa gani. Nikisema sijui, anasema subiri linalofuata. Ndivyo nilivyosoma. Darasani niliishia la nne, ukutani nilimaliza.

Alinipa bisibisi ndefu. Ncha unaiweka kwenye chuma cha injini, mpini unaugandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, siyo ndani ya sikio, na kinywa unafunga. Wengi wanasahau kufunga kinywa. Hapo injini inakwambia kila kitu. Plagi iliyochoka inaruka pigo, kama mtu anayepanda ngazi mguu mmoja unauma. Valvu iliyolegea inagonga kama mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino sakafuni. Bearingi inayokaribia kufa inalia kwa huzuni, na usipoisikia inalia zaidi, na baadaye inanyamaza, hapo ndipo mwenye gari anapoanza kulia yeye.

Fundi Wambura mwenyewe siku moja aliletewa gari la paroko. Lina mlio. Kriii, kriii, halafu kimya. Akasikiliza akasema cheni ya mbele. Tukafungua mbele. Siyo. Akasema basi ni ndani. Tukaishusha injini yote, tukailaza mezani vipande vipande, paroko anasali rozari yake kwenye benchi. Tukaenda kunywa chai. Tukiwa pale, injini iko mezani, kriii. Sauti inatoka ndani ya dashibodi. Tukaitazama injini, ikatutazama. Nyenje alikuwa amejificha kwenye tundu la kutolea hewa. Fundi Wambura alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe, akasema, "Basi siyo injini." Tukaanza kuirudishia. Paroko alitubariki hivyo hivyo, nafikiri kwa sababu ya kazi yake.

Nawaambia hilo ili mjue sikio nalo hudanganya. Lakini ndilo tulilokuwa nalo.

Na dereva naye alikuwa na sikio lake. Ndiyo nafika kwa Mabula.

Mabula ni rafiki yangu, Msukuma wa Misungwi, mrefu, mpole, anavaa koti hata kukiwa na jua. Miaka yote aliyoijua Mwanza ameendesha gari la maharusi. Lilikuwa toleo la zamani la gari hilo hilo refu, jeusi, la petroli, na mimi ndiye niliyekuwa daktari wake. Mabula alimpeleka mama kanisani kwa gari hilo, halafu akaja kumpeleka binti wa mama huyo huyo kwa gari hilo hilo. Mitaani anaitwa Baba Maharusi. Mke wake alishatangulia, watoto wamejitegemea. Akiwa nyuma ya usukani ule watu wanampungia mkono. Akishuka, ni mzee mwenye koti.

Gari ni mali ya Mama Kahabi. Huyu anafanya biashara ya mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, na wanaoijua biashara hiyo hawahitaji kuelezwa pesa yake. Sisi tukiwa bado kwenye matanga ya gari lisilofika, Mama Kahabi akaliagiza. Jipya kabisa. Hakungoja tajiri yeyote alichoke. Likashushwa Mwanza, la mchanganyiko, jeupe kama maziwa, na lile la zamani akaliuza wiki hiyo hiyo bila hata kutuaga.

Halafu akamwita Mabula. Nilikuwepo, ingawa sikuitwa.

"Mzee Mabula, mimi nakuheshimu," akasema. "Jumamosi harusi ya Nyakato utaendesha wewe. Ikienda vizuri, ufunguo ni wako mpaka uchoke. Ikienda vibaya, kuna kijana Dar anayajua haya magari, anapanda basi Jumapili."

"Sawa, mayo," Mabula akasema, maana kwetu Wasukuma mayo ni mama.

"Siyo kwa ubaya."

"Hapana, mayo. Najua."

Tulipotoka nje akaniambia kwamba akinyang'anywa ufunguo hana pa kwenda ila Misungwi, kuchunga ng'ombe wa mdogo wake. Nikamwambia kuchunga siyo aibu. Akasema ng'ombe hawamtishi. Ila mdogo wake anaongea sana.

Kwa hiyo tukaenda kwa Neema, wazee wawili na kofia mkononi, kuomba shule. Alitupokea vizuri, tena kwa shikamoo mbili, nikajua atatutesa. Akamkalisha Mabula kwenye usukani. Mabula akavaa miwani, akajiweka sawa, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena.

"Umeizima, babu."

"Nimeiwasha."

"Uliiwasha. Halafu ukaizima."

"Kwani iliwaka saa ngapi?"

"Ulipobonyeza mara ya kwanza. Angalia hii taa ya kijani. Ikitokea hii, basi imewaka."

"Taa ndiyo imewaka, mjukuu wangu. Mimi nauliza gari."

Neema akashika kiuno. Akaanza upya. Gari linaanza kwa umeme, hakuna mlio, injini ya petroli imelala tu mbele, ikihitajika inaamka yenyewe, isipohitajika inalala tena. Mabula akauliza nani anaiamsha. Kompyuta. Na kama dereva hataki iamke? Haimuulizi. Mabula akanitazama akasema hiyo siyo injini, hiyo ni mama mkwe.

Mimi nilikuwa nimekwenda na bisibisi yangu. Nilipofungua boneti nikaona nyaya nene za rangi ya chungwa, nikainama nisikilize, na Neema akanishika mkono kabla chuma hakijagusa kitu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Babu, hizo za chungwa ukizisikiliza, hutasikia kitu kingine tena."

Hapo nilijifunza jambo ambalo nawapa nyinyi bure. Kabla ya kugusa nyaya hizo unachomoa kitasa cha betri kubwa, kile kinachokata umeme wake, unakiweka mfukoni mwako wewe, siyo mezani, halafu unasubiri umeme uliobaki ujimalize. Na glavu za mpira unazipima kila siku. Unakunja mdomo wa glavu kama unavyokunja mfuko wa karanga, hewa inabaki ndani, vidole vinavimba, halafu unaisogeza shavuni. Ukisikia upepo, ina tundu, itupe. Shavu ndilo kipimo. Nilifurahi kusikia kwamba kuna kazi hata kwa shavu, maana sikio walishalifukuza.

Jambo la pili, kando ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu, linavuta hewa ya kupozea betri. Usilizibe. Neema alilisema hili mara nyingi kwa sababu alijua wapambaji wa harusi.

Mabula alifanya mazoezi wiki nzima. Kuendesha hakukuwa tatizo, gari linateleza kama linaendeshwa na mtu mwingine. Tatizo lilikuwa imani. Kila akibonyeza, anainamisha kichwa kungojea lile guno la stata, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwa kiziwi. Mpaka Ijumaa alikuwa ameacha kubonyeza mara mbili. Anabonyeza, anaona taa ya kijani, anasema kwa sauti, "Imewaka," kisha anaondoka. Neema akamwambia asiache kusema hivyo, kama inamsaidia.

Naomba mlikumbuke hilo.

Jumamosi Mabula aliniomba nikae kiti cha mbele, ikitokea kitu. Ikitokea kitu mimi ningefanya nini, hakuuliza na sikusema. Nilivaa suti yenye harufu ya vidonge vya nondo. Kabla ya misa kwisha niliwakuta wapambaji wamelifunika lile tundu la hewa kwa kitambaa na maua ya plastiki, nikayang'oa yote. Hiyo ndiyo kazi ya ufundi niliyoifanya siku ile, sitaki kuikuza.

Maharusi wakatoka kanisani Nyakato. Bibi harusi, nitamwita Esta, binti mdogo wa sura tulivu, gauni lake lilijaza kiti cha nyuma chote. Bwana harusi akabanwa kwenye kona iliyobaki. Mbele yetu kulikuwa na pikapu ya matarumbeta, wanapiga mpaka vioo vinatetemeka. Mabula akabonyeza. Taa ya kijani. Akasema kwa upole, "Imewaka," akaweka gia, akakanyaga breki kungoja pikapu itupishe.

Watu wametuzunguka. Wanatazama. Hakuna moshi, hakuna mtetemeko, eksozi haitoi hata pumzi. Mjomba mmoja wa bibi harusi akaweka sikio juu ya boneti, akainuka, akatangaza, "Hii haijawaka."

Sasa mnajua sisi tulivyo. Wasomi wanasema jina la kabila letu maana yake ni watu wa kaskazini. Sawa. Lakini ukiona gari limenyamaza mbele ya Wasukuma utaelewa jina kwa njia nyingine. Makoti yalivuliwa hapo hapo. Wajomba, kaka, wanakwaya wa sauti ya nne, wote nyuma ya buti, mmoja anahesabu. Wakasukuma. Mabula amekanyaga breki kwa sababu mbele yake kuna pikapu imejaa watu na matarumbeta. Gari likagoma. Wakaona ni zito, wakaita wengine.

Mabula akateremsha kioo. "Acheni, imewaka," akasema. Hakusikika. Matarumbeta. Akatoa kichwa nje, akaongeza sauti. Bado. Basi akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, na ni mtu mrefu, pumzi yake ni ndefu, na sekunde hiyo hiyo wapigaji wakatulia kupokezana wimbo.

"Jamani, imewaka!"

Sauti ile ilipita peke yake juu ya uwanja mzima wa kanisa.

Kiswahili kina neno moja hapo. Taa inawaka, injini inawaka, na nyumba nayo inawaka. Shangazi wa Esta, aliyekuwa ameshapata habari za gari lisilopoa tangu zilipotoka gerejini kwetu, akalichukua neno upande wake. Akapiga yowe kwamba gari la betri limewaka na mtoto yumo ndani. Nyuma ya ua kulikuwa na mtu anachoma mishikaki, na upepo wa ziwa ukaleta moshi kidogo, wa kutosha tu. Wasukumaji wakatawanyika. Matarumbeta yakaruka kutoka kwenye pikapu na wenyewe wakiyafuata. Mmoja akaja na ndoo ya maji ya kunawia akaimwaga yote kwenye boneti, akakimbia na ndoo.

Mlango wa nyuma wa kushoto ukafunguka. Bwana harusi akatoka. Alitoka vizuri, kwa mguu wa kulia, na viatu vipya vinavyoteleza, na hakugeuka. Nilimwona akipita kona ya kanisa.

Mimi nilibaki, lakini msinisifu. Mkanda wa kiti ulikuwa umekataa kufunguka.

Mabula ndiye mtu pekee pale aliyejua kwamba hakuna moto. Na bado akashuka. Alizunguka gari kwa mwendo wake ule ule wa kila Jumamosi, akafungua mlango wa kulia, akampa Esta mkono, akakusanya mkia wa gauni asiukanyage, akampeleka kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Akamuuliza kama ameumia. Akamwambia gari ni zima, ni lugha tu imetupotosha. Halafu akarudi, akasimama kando ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti iliyolowa, watu wote wamwone, akakiacha pale mpaka wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakicheka kile kicheko cha mtu anayetafuta koti lake.

Bwana harusi alirudi pia. Katika wa mwisho mwisho.

Tukaondoka. Pikapu ya matarumbeta Mabula aliiomba itangulie mbali. Na hapo, wanangu, ndipo mimi na yeye tulipojua tumenunuliwa gari la namna gani.

Hakukuwa na sauti. Nilisikia kokoto chini ya tairi. Nilisikia gauni likisugua kiti. Kisha nikasikia, wazi kama ninavyowaambia nyinyi, kutoka nyuma:

"Ulikimbia."

"Nilikwenda kutafuta maji."

"Yako wapi?"

Nikatazama mbele. Mabula alikuwa anatazama mbele tangu mwanzo.

"Esta, watu wote walikimbia."

"Hao watu wote sijafunga nao ndoa."

"Punguza sauti. Wazee wanasikia."

"Wasikie. Mzee wa watu ndiye aliyenifungulia mlango. Hata jina lake silijui."

Nimekaa na injini maisha yangu yote na sikuwahi kuiomba iungurume kama nilivyoomba dakika ile. Nilimuuliza Mabula kwa macho kama ile mama mkwe iliyolala mbele haiwezi kuamshwa kidogo. Betri ilikuwa imejaa. Haikuamka.

Tulifika kwenye mawe ya ufukweni, wakapiga picha. Mpiga picha aliwaambia wacheke, wakacheka. Akawaambia washikane mikono, wakashikana, kama watu wawili wanaobeba meza. Mabula alikuwa anafuta maji kwenye boneti kwa leso yake. Nikamwambia, bwana harusi akisema alimkimbia mkewe kwa sababu dereva alipiga kelele za moto, Mama Kahabi atasikia, na ufunguo umekwenda. Mabula akasema anajua. Akaendelea kufuta.

Kurudi kuja Igoma ukumbini, kimya kilikuwa kirefu zaidi. Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia kijana aliposema, kwa sauti ambayo kwenye gari la zamani isingefika hata kwenye kona ya kiti:

"Niliogopa. Sikufikiria maji. Sikufikiria kitu."

Nikasikia gauni la Esta likisugua kiti.

"Ungeanza na hilo," akasema.

"Nitamwambiaje baba yako?"

"Baba alikutangulia. Nilimwona."

Halafu kikaja kitu, nilidhani ni kilio, kumbe binti anacheka, na kijana naye akaanza, na baada ya hapo yakaja maneno mengine ambayo siyo ya kuandika, ya watu waliooana asubuhi hiyo. Mimi niligeukia ziwa lililokuwa upande wangu. Mabula hakuwa na upande wa kugeukia. Masikio yake yalikuwa yamelowa jasho.

Ukumbini Mama Kahabi alikuwa mlangoni. Habari za moto zilimfikia kwa simu kabla sisi hatujafika, na simu za namna hiyo hazipunguzi. Alipoona gari halijaungua alitushukuru, kisha akanyoosha kiganja. Mabula akatoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwenye koti, akaanza kumpa.

Esta alikuwa anashuka. Aliuona ule mkono. Akasema, "Mama, mzee huyu ndiye atakayeturudisha nyumbani leo. Tumeshaongea naye."

Hawakuwa wameongea. Mama Kahabi akamtazama Esta, akamtazama bwana harusi, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema jambo la maana. Alisema, "Ni kweli, mama. Huyu hakimbii."

Kiganja kikafumbwa kikiwa kitupu. Jumapili kijana wa Dar hakupanda basi.

Mngetegemea Mabula afurahi. Nilimkuta nyuma ya ukumbi ameshika sahani ya pilau, haigusi.

"Ngosha," akaniita, kama Wasukuma tunavyoitana wanaume, "ulisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote."

Alikuwa anawapitia kichwani, nikamwona, wale mama na mabinti zao, wote aliowabeba.

"Na wale wa zamani? Nao walikuwa wanasema hivi?"

"Bila shaka."

"Mimi nilidhani maharusi hawasemi kitu."

"Injini ilikuwa inawasitiri."

Akasema basi yeye hawezi. Siyo kuendesha, kuendesha ameshaweza. Hawezi kukaa kila Jumamosi katikati ya mambo ya watu kama mlango ulioachwa wazi. Jumatatu akaenda kwa Neema kuomba jambo ambalo sidhani kama fundi yeyote mahali popote ameshaombwa kwa gari la bei ile. Aliomba alitie kelele. Hata kidogo. Hata alegeze chuma mahali.

Neema alianza kucheka. Mabula akamweleza, bila kutaja majina, na yeye akaacha kucheka. Alikaa kiti cha dereva, akafikiri, halafu akamwonyesha kitufe cha redio na jinsi ya kupeleka sauti yote kwenye spika za mbele, pande mbili za dereva.

Mabula hachagui stesheni. Anawasha redio mara tu mlango wa nyuma ukifungwa, na hewani kukiwa na chochote, ndicho hicho. Mama Kahabi ameletewa malalamiko. Bibi harusi mmoja alikwenda madhabahuni akiwa na bei ya pamba kichwani. Ameulizwa mara nyingi huyu mzee ana nini, na Mabula hasemi, anaitikia tu ndiyo mayo, na Jumamosi anawasha tena.

Nawaambia mimi, kwa kuwa yeye hatasema. Mkija kuoa au kuolewa, mkapanda gari jeupe la Mama Kahabi, mkakuta redio inasoma matangazo ya vifo kwa sauti ya juu na mzee mrefu mwenye koti anatazama mbele kama aliyefiwa ni yeye, msimwombe azime. Semeni yenu.